Kundi la .22 linarefuka mchana, nigeuze tyuna au niiache?

Kasiba_Entebbe

Wadau salama? Naomba msaada wenu maana hili jambo linaninyima raha. Napiga bunduki ya risasi ndogo ya .22, mita 50, nikiwa nimelala kifudifudi, bunduki ni Anschütz yenye mtutu wa sentimita 66, kule mdomoni mwa mtutu nimefunga tyuna, kile kizito kinachosogezwa mbele na nyuma kubadili mtikisiko wa mtutu, na risasi ni Lapua Center-X, boksi zote loti moja, yaani zimetengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja. Uwanja wetu uko upande wa ziwa si mbali na Entebbe.

Shida iko hivi, asubuhi kuanzia saa mbili mpaka kwenye saa nne bunduki inaimba, risasi zinaingia ndani ya kumi, ile duara ya katikati ya karatasi, moja juu ya nyingine, joto hapo ni kama nyuzi 18 au 19 na upepo hamna. Jua likishakaa sawa, saa sita saa saba hivi, nyuzi 28 kivulini, kundi linaanza kurefuka kwenda juu na chini. Kwa upana halijaharibika sana, ni kimo ndo kinaniua, napata tisa ya juu halafu tisa ya chini na kila mara nilikuwa nimeachia vizuri kabisa, naapa.

Sasa mashindano yanakuja na zamu zinapangwa kwa kura, naweza kupewa ya asubuhi au ya saa nane mchana. Je hali ya hewa ikibadilika hivi natakiwa nigeuze tyuna kila zamu? Na nyie mnaotumia programu za balistiki kwenye simu, zile za kukokotoa risasi itapita wapi, pale kwenye presha mnajaza nini? Halafu mwezi ujao nitakuwa Kabale, kuna sehemu tunaruhusiwa kupiga, nataka nijue kule milimani nitarajie nini. Mtutu ni safi, skrubu nimekaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kifyatulio hakina tatizo.

---

shabaha256

Kaka hiyo ni hewa tu. Mchana hewa inakuwa nyepesi risasi inaruka juu, asubuhi ni nzito inashuka. Chukua presha ya hali ya hewa ya simu, mara nyingi inasoma hektopaskali 1015 hapo kwenu, ijaze kwenye programu pamoja na joto, itakupa kliki za kupandisha na kushusha sait. Na tyuna lazima igeuzwe kila joto linapobadilika, wazungu wa benchi, wale wanaopiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, hawakai nayo sehemu moja hata dakika.

---

FundiMtutu_Mbarara

Ndugu yangu shabaha256 nakuheshimu lakini hiyo 1015 tuiondoe kwanza kabla mtu hajapotea. Hiyo namba ya simu si presha ya pale ulipolala na bunduki, ni presha iliyokwisha kurekebishwa ionekane kana kwamba uko usawa wa bahari, wanafanya hivyo ili ramani za hali ya hewa zilingane kati ya Mombasa na Kampala na kwingineko. Entebbe iko zaidi ya mita 1,150 juu ya bahari, presha halisi ya pale ni 880 na kitu. Ukiiambia programu 1015 kama presha ya uwanjani umeipa hewa nzito kwa karibu asilimia 15 kuliko iliyopo. Kwa mita 50 hutaona sana, ni kama milimita moja na ushei, lakini mtu wa risasi kubwa ya 7.62 anayepiga mita 900 atapitisha risasi juu ya shabaha kwa zaidi ya mita nzima halafu aanze kulaumu darubini. Ukiwa na Kestrel, kile kipima hali ya hewa cha mkononi, weka mwinuko wa kumbukumbu uwe sifuri itakusomea presha halisi, na baadhi ya simu za siku hizi zina kipimo cha presha ndani yake, kuna programu ndogo za bure zinazokionyesha moja kwa moja. Hiyo ndiyo ya kujaza, na ukishaijaza usijaze tena mwinuko juu yake, utakuwa umehesabu mlima mara mbili.

Sasa turudi kwa mwenye swali. Kaka Kasiba, hapa kwetu karibu na ikweta barometa haina maneno mengi. Wenzetu wa Ulaya dhoruba ikipita presha inaanguka hektopaskali 30 au 40 ndani ya siku mbili, ndo maana vitabu vyao vinapiga kelele kuhusu presha. Hapa inapanda na kushuka kwa ratiba, inafika juu kwenye saa nne, inashuka mpaka saa kumi, usiku na mchana hivyo hivyo, na tofauti yenyewe ni hektopaskali tatu nne. Kinachotembea hapa ni joto. Chukua Entebbe nyuzi 18 asubuhi na nyuzi 28 mchana, ukijumlisha na hako kapresha kanakoshuka, hewa inapungua uzito kama asilimia 4. Unyevu nao watu wanauogopa bure, tena wengi wanadhani hewa yenye mvuke ni nzito wakati ni kinyume, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na hata ukitoka hewa kavu kabisa mpaka iliyoshiba maji kwenye nyuzi 25 tofauti ni asilimia moja na kidogo.

Asilimia 4 hiyo kwenye mita 50 inafanya nini? Risasi ya .22 inayotoka na mita 327 kwa sekunde inaanguka sentimita 12 na kitu mpaka ifike kwenye karatasi, ukipunguza hewa asilimia 4 inapanda labda theluthi ya milimita. Kumi ya mita 50 ina kipenyo cha milimita 10.4. Kwa hiyo hewa peke yake haiwezi kukutoa kwenye kumi kukupeleka kwenye tisa, haina nguvu hiyo. Na angalia kitu kingine, hewa ikibadilika inahamisha kundi zima juu au chini, hailirefushi. Wewe unasema linarefuka, huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Niambie vitu viwili. Boksi la risasi linakaa wapi wakati unapiga? Na una kronografu, kile kipima spidi ya risasi, au unaweza kuazima?

---

Kasiba_Entebbe

Asante sana fundi, hiyo ya presha sikuwahi kuisikia popote. Boksi linakaa mezani mkono wa kulia, juu kuna bati lakini kuanzia saa tano jua linaingia kutoka ubavuni linapiga ile meza upande mmoja, tena meza yenyewe ni ya saruji. Jana baada ya kusoma hapa nilienda kushika zile risasi za safu ya nje, zina joto kabisa mkononi na ile nta ya kwenye risasi inabaki kwenye kidole, za safu ya ndani zilizokuwa kwenye kivuli cha mfuniko ni za kawaida tu. Kronografu anayo mwenzetu mmoja wa klabu, Jumamosi nitaipata.

---

FundiMtutu_Mbarara

Umeshasema kila kitu hapo. Baruti ikipata joto inaungua kwa kasi zaidi, spidi inapanda. Kila mita moja ya spidi kwa sekunde ikiongezeka kwenye .22 inakuinua karibu milimita 0.8 kwenye mita 50. Sasa boksi moja lina risasi za joto tofauti, wewe unachukua moja ya safu ya nje halafu moja ya ndani, tofauti ya spidi ikifika mita 8 tayari ni milimita 6 za kimo, ndo hizo tisa za juu na chini. Ongeza na hii, mchana upepo unaanza, unaingiza risasi kwenye chemba unasubiri kibendera cha upepo kitulie, nusu dakika, dakika, chemba ina moto wa risasi zilizotangulia, ile risasi inapikwa humo ndani. Ukiona umesubiri sana itoe, iweke pembeni kwa ajili ya kupashia moto mtutu, chukua nyingine.

Nta nayo si pambo. Ndo inayolainisha risasi kupita kwenye mtutu, ikiyeyuka upande mmoja wa risasi au ikibaki kwenye vidole na kwenye boksi, kila risasi inapita kwa msuguano wake. Tafuta kile kiboksi cha kubebea chakula chenye kuhifadhi joto, weka humo bila barafu, barafu usiweke kabisa maana utaleta umande, funika na taulo nyeupe, toa risasi kumi kumi.

Jumamosi fanya hivi, piga asubuhi na kronografu, piga mchana na kronografu, risasi zote zikae kivulini. Kama mchana spidi zinatawanyika kuliko asubuhi ugonjwa uko kwenye risasi na joto lake. Kama zinatawanyika sawasawa na asubuhi lakini karatasini kimo kimeongezeka, hapo sasa ndo tuanze kuzungumza habari ya tyuna, na skrubu, na mwanga. Usiguse tyuna kabla ya kujua hilo, utakuwa unafukuza kitu ambacho hakipo.

---

AfandeMstaafu_Gulu

Vijana mnaongea vizuri nimefurahi kuona mambo haya yanazungumzwa kwa Kiswahili. Mimi nimepiga 7.62 miaka mingi, mita 300 na zaidi, .22 nimeijia uzeeni, kwa hiyo niongeze upande ambao fundi hajaufikia.

Kijana wa Entebbe, pale ziwani asubuhi upepo kidogo unatoka nchi kavu kwenda majini, jua likipasha ardhi unageuka unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana ndo una nguvu. Upepo wa ubavuni wa mita moja tu kwa sekunde, ule ambao unausikia shavuni kwa shida, unasogeza .22 karibu milimita 6 kwenye mita 50. Linganisha na hiyo theluthi ya milimita ya hewa mnayoibishania. Na upepo wa ubavu hausogezi kwa upana peke yake, hili wengi hawalijui, risasi inazunguka na mitutu yetu mingi inazungusha kwenda kulia, upepo ukitoka kulia unaipeleka kushoto na kuipandisha kidogo, ukitoka kushoto unaipeleka kulia na kuishusha. Kwa hiyo ukipiga katika upepo unaogeuka geuka kundi linalala kimshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Itazame karatasi yako vizuri, hizo tisa za juu ziko juu katikati au juu kushoto? Kama ziko kimshazari basi unachokiona ni upepo, tyuna haitibu upepo hata uizungushe mpaka ichakae.

La pili ni mwanga. Unatumia diopta, ile sait ya kitundu, au darubini hukusema. Kama ni diopta, mchana mawingu yetu yanapita yanafunika jua yanafunua, jicho linaona ile duara nyeusi kwa ukubwa tofauti na wewe hujui, unalenga juu kidogo au chini kidogo na moyo wako safi kabisa. Sisi tulifundishwa kuandika mwanga kwenye daftari kama tunavyoandika upepo. Na kama ni darubini basi kuna mazigazi, ile hewa inayochemka juu ya mtutu na juu ya nyasi, shabaha inaonekana kama imehama kutoka ilipo. Kitambaa au ukanda mpana uliotandazwa juu ya mtutu kutoka kwenye darubini kwenda mbele unapunguza ile ya mtutu, ile ya uwanjani jifunze kuisoma, ina faida pia maana inakuonyesha upepo unaenda wapi.

Kwa masafa marefu mambo ya fundi ya uzito wa hewa ni ya kweli tupu na ni makubwa. Mita 900 hiyo asilimia 4 ya asubuhi na mchana inakusogeza robo mita na zaidi kwa 7.62. Kule huwezi kufanya kazi bila kipimo cha presha halisi. Lakini mita 50 jifunze vibendera kwanza.

---

Dada_MitaKumi

Shikamoo afande, na wakubwa wote. Mimi napiga bunduki ya hewa mita 10 ndani ya ukumbi Kampala, upepo hatuna kwa hiyo nafuatilia tu. Ila nina swali dogo, mtungi wangu wa hewa ya bunduki ukikaa kwenye gari juani kipimo kinapanda, na siku hiyo naona kama risasi za kwanza kwanza zinaenda juu. Hii inahusiana na mnayosema au ni kitu kingine?

---

FundiMtutu_Mbarara

Dada inahusiana kwa mbali. Hewa iliyofungwa kwenye mtungi ikipata joto presha inapanda, hiyo ni kawaida, kazi ya regyuleta ndani ya bunduki ni kutoa presha ile ile kila risasi bila kujali mtungi una kiasi gani. Lakini regyuleta ina springi na mipira, ikitoka kwenye gari la moto kuingia ukumbini inachukua muda kutulia. Ingiza bunduki na mtungi ukumbini mapema, tuseme nusu saa kabla, piga za kujaribu kwanza kisha ndo uanze za kuhesabu. Zikiendelea kwenda juu hata bunduki ikiwa imeshatulia, regyuleta inavuja kidogo ndani kwa ndani, mpelekee fundi anayeijua usiifungue mwenyewe, ile ni presha kubwa. Na mtungi usiuache kwenye gari juani tafadhali, hata kama haujafungwa kwenye bunduki.

---

shabaha256

Nimewaelewa na hiyo ya presha nimeikubali fundi. Ila tyuna hamjaniridhisha. Jamaa wanaopiga benchi Marekani si wajinga, wanageuza kwa siku mara kadhaa, na wengine wanabadilisha hata kiasi cha baruti pale pale uwanjani. Mbona sisi tuambiwe tuache?

---

FundiMtutu_Mbarara

Swali zuri na linahitaji jibu refu, vumilia.

Wale unaowaona wanabadilisha baruti pale uwanjani ni wa sentafaya, zile risasi ambazo ganda lake linaweza kujazwa upya, wanajaza risasi zao wenyewe, risasi aina ya 6PPC na baruti kama N133 inayojulikana kwa kuyumba na hali ya hewa. Wao spidi yao inatembea kutwa nzima kwa hiyo lazima waifuate, ama kwa baruti ama kwa tyuna. Sisi wa .22 risasi inatoka kiwandani imeshajazwa, hatuna cha kubadilisha isipokuwa loti. Ndo maana wenye uwezo wanapeleka bunduki kule Lapua wana kituo cha majaribio Schönebeck Ujerumani, inafungwa kwenye mashine wanapiga loti baada ya loti mpaka wapate ile inayopatana na mtutu huo. Eley, kiwanda kingine cha risasi, nao wanafanya. Loti nzuri inakupa zaidi kuliko tyuna, hili nalisema kwa kinywa kipana.

Sasa tyuna inafanya nini. Ukifyatua, mtutu unatikisika kama ufito wa mwanzi uliogongwa, mdomo wake unapanda unashuka, ni kidogo sana lakini upo. Risasi haziendi spidi moja hata za loti bora. Ya haraka inatoka mapema, ya polepole inachelewa. Ukifanikiwa kupanga ili risasi zitoke wakati mdomo uko kwenye kupanda, ile ya haraka inatoka mdomo ukiwa chini kidogo, ya polepole inatoka mdomo ukiwa umeshapanda, kwa hiyo ile ya polepole ambayo ingeanguka zaidi imerushwa juu zaidi, na zote mbili zinakutana mahali pamoja kwenye karatasi. Kinachokutana ni kwa umbali mmoja tu, tyuna uliyoipanga mita 50 usitegemee ifanye kazi hiyo hiyo mita 100. Uzito ukiusogeza mbele mtutu unatikisika polepole zaidi, ukiurudisha nyuma unatikisika haraka.

Kwa mantiki hiyo joto likipandisha spidi risasi inatoka mapema kidogo, kwa hiyo ungetaka mtikisiko nao uharakishwe, yaani uzito uurudishe nyuma kidogo. Wapo wanaofanya kinyume na wanashinda, kwa hiyo mimi siuzi mwelekeo, nauza karatasi. Na nasema kidogo, yaani alama moja au mbili, maana wengi wanazungusha duara nzima halafu wanashangaa mbona kila kitu kimehama.

Jinsi ya kuipanga kwa hali yetu ya Uganda: chagua siku isiyo na upepo, anza mapema asubuhi. Tundika karatasi yenye mstari wa kulala, shabaha ndogo ndogo zimepangwa juu ya mstari huo. Piga risasi tano kwenye kila moja, kila mara sogeza tyuna kiasi kile kile. Usitazame upana, upana ni wa upepo, tazama kimo tu. Utaona sehemu ambapo makundi matatu manne mfululizo yamelala bapa na yako kwenye kimo kimoja, halafu yanaanza kurefuka, halafu tena bapa. Zungushia hizo sehemu bapa. Rudi saa saba saa nane mchana na loti ile ile, risasi kivulini, fanya vilevile kwenye karatasi mpya. Weka karatasi mbili juu ya nyingine dirishani, mwanga upite. Ile sehemu bapa inayoonekana kwenye karatasi zote mbili ndo ya kukaa, hata kama siyo iliyo bora kabisa asubuhi. Kwa sababu kwenu Entebbe joto linatembea kati ya nyuzi 17 na 30 mwaka mzima, hakuna theluji, sehemu pana inayomeza nyuzi kumi na kitu hizo mara nyingi inapatikana, na ukishaipata ifunge skrubu yake uandike namba. Mtu wa Finland anayetoka nyuzi 25 mpaka chini ya sifuri ana sababu ya kugeuza kuliko wewe.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu kimo, kaka Kasiba hukusema kitako chako ni mbao au aluminiamu. Kama ni mbao, kipindi cha mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, mbao inakunywa unyevu inavimba, na toki uliyokaza Februari si ile tena Aprili. Wenye Anschütz wengi wanakaa kati ya Nm 4 na 6, lakini kubwa ni iwe ile ile kila siku. Hakikisha kwa spana kabla ya kila mashindano, ukiona skrubu moja imebadilika na nyingine haijabadilika mbao imecheza, na makundi ya kimo yanaweza kutoka hapo.

---

shabaha256

Hapo sawa, hasa hiyo ya karatasi mbili dirishani. Nitaijaribu.

---

Kasiba_Entebbe

Wakubwa nimerudi na habari za Jumamosi. Kitako ni mbao, diopta siyo darubini. Asubuhi spidi zilikuwa zimekaa pamoja vizuri. Mchana nilipiga kwanza risasi za mezani kwenye jua kama ninavyofanya siku zote, wastani umepanda na zimetawanyika karibu mara mbili ya asubuhi. Halafu nikapiga za kwenye kiboksi kilichofunikwa, zimerudi kutawanyika kama asubuhi, wastani uko juu kidogo tu. Karatasini kimo kimepungua sana, siyo kama asubuhi kabisa lakini tisa nyingi zimepotea. Zilizobaki ni chache, na afande nimezitazama kama ulivyosema, ziko juu kushoto na nyingine chini kulia, yaani kimshazari kabisa. Uwanja wetu unatazama magharibi kwa hiyo upepo wa ziwani unatoka kushoto, ila kuna ukuta na miti upande wa kulia, nadhani unagonga unarudi.

Tyuna sijaigusa. Skrubu ya mbele ilikuwa imelegea kuliko ya nyuma, nimezirudisha sawa.

---

AfandeMstaafu_Gulu

Safi kijana, hiyo ndo kazi. Upepo wa ukutani ni mbaya kuliko wa wazi, unakuja kwa mawimbi. Usiweke kibendera kimoja mbele ya shabaha ukaridhika. Weka cha kwanza karibu na mdomo wa bunduki, mita kumi hivi, maana risasi ikisukumwa mapema inaendelea kupotea njia yote, cha pili katikati na cha tatu karibu na ule ukuta. Kisha chagua hali moja, kwa mfano vyote vinaelekea kulia kwa nguvu ndogo, piga katika hali hiyo tu, ikibadilika inua kidole kwenye kifyatulio usubiri. Na ukisubiri sana kumbuka la fundi, toa hiyo risasi kwenye chemba.

---

Kasiba_Entebbe

Nimeandika afande, asante. Na Kabale je? Nitaondoka wiki ijayo.

---

FundiMtutu_Mbarara

Kabale iko karibu mita 1,900, presha halisi utakuta 810 na kitu. Watu wakisikia mlima wanadhani hewa itakuwa nyepesi mno, lakini kule ni baridi na baridi inarudisha uzito. Kabale nyuzi 16 ukilinganisha na kwenu Entebbe nyuzi 28 mchana, hewa ya Kabale ni nyepesi kwa asilimia 4 tu, ni ile ile tofauti unayoizoea kati ya asubuhi na mchana hapo ziwani. Ukitaka kuona hewa imebadilika kweli teremka Mombasa, usawa wa bahari na nyuzi 30, hapo ni nzito kwa asilimia 13 hivi kuliko ya kwenu mchana.

Kitakachokusumbua Kabale ni asubuhi yake. Nyuzi 11 au 12, risasi zimelala kwenye gari usiku kucha, spidi itashuka chini ya kitu chochote ulichowahi kupima Entebbe, kwa hiyo kundi litakuwa chini na tyuna inaweza kuwa imetoka kwenye sehemu yake bapa. Lala nazo chumbani, zibebe ndani ya koti mpaka uwanjani, na za kurekebishia sait piga mpaka mtutu upate joto ndo uamini kimo unachokiona. Kama utaweza kuazima ile kronografu ya mwenzenu nenda nayo. Piga ile karatasi ya mstari huko huko asubuhi, utakuwa na karatasi ya tatu ya kuweka dirishani.

---

Kasiba_Entebbe

Ameshakubali kuniazima. Nitapiga picha za karatasi zote tatu niziweke hapa, na namba za spidi pembeni.

---

Dada_MitaKumi

Andika na joto la risasi zenyewe kaka, siyo la hewa peke yake. Tunazisubiri.